Kushindwa Mara Moja Si Mwisho wa Vita

Mwaka 1978 Uganda ilikwenda Ghana kushindania Kombe la Mataifa ya Afrika. Timu nane ziligawanywa katika makundi mawili. Timu mbili bora za kila kundi ziliingia nusu fainali. Uganda iliifunga Kongo Brazzaville 3–1, kisha ikafungwa na Tunisia 3–1. Lakini utaratibu wa makundi humwachia aliyeanguka nafasi ya kuinuka. Moroko, bingwa wa 1976, ikafungwa 3–0. Na katika nusu fainali Nigeria ikafungwa 2–1. Ghana ndiyo iliyotwaa kombe, kwa 2–0. Baada ya hapo Kampala ilingoja hadi 2017 kuiona tena timu ya taifa katika fainali hizo. Nafasi ya pili ni adimu. Askari aipatapo, asiichezee.