Picha Mbele ya Msimamizi: Usimamizi wa Kitaaluma katika Tiba ya Sanaa

Usimamizi wa kitaaluma katika tiba ya sanaa ni mazungumzo ya mara kwa mara baina ya mtabibu na mwenzake aliyemzidi uzoefu, ambamo kazi ya mtabibu kwa wateja wake hupitiwa kwa makini. Chimbuko lake ni uchanganuzi nafsi. Katika kliniki iliyofunguliwa Berlin mwaka 1920, Max Eitingon na wenzake walitaka wanafunzi wa fani hiyo wahudumie wagonjwa chini ya uangalizi wa mchanganuzi mkongwe. Desturi hiyo ilienea hadi kwenye ustawi wa jamii na unasihi. Watabibu wa sanaa walipounda vyama vyao, Uingereza mwaka 1964 na Marekani mwaka 1969, waliikuta imeshakomaa: watu wawili, viti viwili na maneno.

Urithi huo una kasoro. Mteja wa tiba ya sanaa huchora, hufinyanga, hupaka rangi na kuifuta, huchana karatasi. Msimamizi anaposikiliza masimulizi tu, hupokea kumbukumbu iliyokwisha kuchujwa na msimulizi, na kile ambacho mtabibu hakukiona hakiwezi kumfikia. Tuseme mtoto amechora nyumba yenye mti mlangoni. Mtabibu atasimulia nyumba na mti. Karatasi yenyewe huenda ikaonyesha penseli iliyokandamizwa hadi ikatoboa kona moja, na alama ya mtu aliyechorwa dirishani kisha akafutwa. Kwa hiyo usimamizi usio na kazi ya mteja mezani humpima msimulizi, wala si tiba.

Hata hivyo, kuwapo kwa picha pekee hakutoshi. Edward Adamson, msanii aliyeanza kazi katika hospitali ya Netherne, Uingereza, mwaka 1946, hakutarajiwa kufasiri michoro ya wagonjwa; madaktari wa akili ndio waliotaka kuisoma kwa utafiti wao. Jicho la kitaaluma lilikuwapo, lakini lilitafuta dalili za ugonjwa. Usimamizi huuliza jambo jingine: picha hii ilizaliwaje kati ya watu wawili, na mtabibu alikuwa akifanya nini wakati inazaliwa?

Mwaka 1955 mchanganuzi nafsi Harold Searles alieleza kwamba yanayotokea kati ya mgonjwa na mtabibu hujirudia kati ya mtabibu na msimamizi wake bila wao kutambua. Katika tiba ya sanaa marudio hayo hushikika mkononi. Mtabibu huacha mchoro ofisini kila wiki, au huuonyesha dakika za mwisho, au huueleza kwa haraka isiyo ya kawaida yake. Mtabibu wa sanaa Joy Schaverien ameonyesha jinsi picha inavyoweza kubebeshwa hisia ambazo mteja hawezi kuzistahimili. Mzigo huo hauishii kwa mteja, na mtabibu anayeificha picha huenda naye ameelemewa.

Mtabibu wa sanaa Barbara Fish amependekeza njia nyingine: mtabibu achore mwenyewe baada ya kikao, kisha alete mchoro wake kwenye usimamizi. Njia hii ina nguvu, kwa sababu mkono hukiri mapema kuliko ulimi. Lakini ina mtego. Msimamizi asiye mwangalifu huanza kumtibu mtabibu, na mteja akasahaulika. Mchoro wa mtabibu una nafasi yake pale tu unaporudisha macho kwa mteja.

Kwa kuwa usimamizi wa namna hii humtaka mtabibu afichue hata yanayomwelemea, msimamizi hafai kuwa mkuu wa idara anayeamua mshahara na mkataba, kwa maana mbele yake hakuna atakayekiri kuchanganyikiwa. Mwanasaikolojia au mnasihi anaweza kusimamia sehemu kubwa ya kazi hii vizuri. Anachokosa mara nyingi ni mazoea ya kukaa kimya mbele ya picha.

Linabaki suala la faragha. Picha ni ya mteja, na mara nyingi ina jina, mwandiko au sura inayotambulika. Kuitoa chumbani kunahitaji ridhaa yake, na kwa mtoto, ridhaa ya mlezi pamoja na maelezo ambayo mtoto mwenyewe ataelewa. Watabibu wengi huishia kuipiga picha kazi hiyo kwa simu. Jina linaweza kufichwa kwa njia hiyo, ila ukubwa, uzito wa udongo na unene wa rangi hupotea, na faili hubaki kwenye kifaa kisicho cha kliniki. Pale ridhaa ipo, ni afadhali kazi halisi ibebwe, ionyeshwe, kisha irudishwe kwenye kabati lake siku hiyohiyo.