Kituo Kiitwacho Furaha

Ramani naisoma kama wengine wanavyosoma riwaya: naanzia kwenye majina. Majuzi nilikuwa na ramani ya vituo vya umeme vya Afrika Kusini, vile vinavyochoma makaa ya mawe, na majina yakanishika. Matla: kwa Kisotho, nguvu. Matimba: nguvu tena, safari hii kwa Kitsonga. Lethabo: furaha. Medupi ni ile mvua ya taratibu inayonyesha mpaka ardhi kavu ikashiba. Kusile, cha mwisho kujengwa, maana yake kumekucha. Hata mji ulio katikati ya vituo vingi vya aina hii, uliokuwa Witbank, tangu 2006 unaitwa eMalahleni, yaani kwenye makaa.

Majina matamu, sikatai. Lakini Matla, Matimba na Lethabo vilianza kazi miaka ya 1970 na 1980, enzi za makaburu, wakati wasemaji wa lugha hizo hawakuwa na kura, na wengi wao hawakuwa hata na balbu ndani ya nyumba. Sasa unampa jina la Kisotho mtambo ambao Msotho haruhusiwi kuuhoji? Hapo ndipo nilipoacha ramani nikaanza kusoma historia ya Eskom.

Historia yenyewe inaanza na kichekesho. Mwaka 1906 ilianzishwa kampuni ya kufua umeme kwa maporomoko ya Victoria, umeme huo upelekwe kwenye migodi ya dhahabu ya Johannesburg, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapo. Mpango haukufika popote. Kampuni ikabaki na jina la maporomoko, ikajenga vituo vyake Transvaal, ikachoma makaa ya mawe. Kwa miaka 40 hivi dhahabu ya Johannesburg ilichimbwa kwa umeme wenye jina la maji na moshi wa makaa.

Serikali nayo ikaunda tume yake, Escom, iliyoanza rasmi Machi 1923. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa Hendrik van der Bijl, mwanafizikia mzaliwa wa Pretoria aliyesoma Ujerumani na kufanya kazi Marekani, kabla Jan Smuts hajamwita arudi nyumbani. Sheria iliitaka tume iuze umeme bila faida wala hasara. Naupenda sana msemo huo. Ukiusoma haraka utadhani ni sadaka. Ukiusoma polepole utauliza: umeme wa bei hiyo anauziwa nani? Mteja mkubwa alikuwa mgodi, na reli, na baadaye viwanda vya chuma. Mwaka 1948 Escom ikainunua ile kampuni ya maporomoko, na toka hapo umeme wa nchi ukawa karibu wote mikononi mwake.

Kwa nini makaa? Kwa sababu yapo, tena yapo karibu na uso wa ardhi. Na wachimbaji walikuwa Waafrika, wengi wao vibarua wa mikataba kutoka vijijini na nchi jirani, waliolipwa kidogo kwa nguvu ya sheria za pasi na za rangi. Kituo kilijengwa mlangoni mwa mgodi, makaa yakaingia kwa mkanda, hakuna haja ya treni. Yale mazuri yakasafirishwa kuuzwa nje, hasa baada ya bandari ya Richards Bay kufunguliwa mwaka 1976. Yenye majivu mengi yakabaki kuchomwa nyumbani. Wahandisi walitengeneza matanuri ya kuyachoma makaa ambayo wengine wangeyatupa, na waliifanya kazi hiyo kwa ustadi, tuseme kweli. Vikwazo vilipoanza kuibana serikali ya makaburu, makaa yakawa na sifa ya ziada: hakuna mgeni awezaye kuyafunga kama anavyofunga bomba la mafuta.

Uhakika na nafuu. Maneno hayo mawili ndiyo yameibeba Eskom karne nzima, na yalikuwa kweli. Ila nenda Soweto. Pale Orlando, kituo cha makaa cha halmashauri ya jiji la Johannesburg kilisimama tangu miaka ya vita kuu ya pili hadi 1998. Kwa miongo kadhaa umeme wake ulienda mjini, kwa Wazungu. Majirani zake wakabaki na mishumaa, mafuta ya taa na majiko ya makaa ya mawe, mpaka asubuhi za baridi moshi unalala juu ya mapaa. Moshi wa bomba juu, moshi wa jiko chini, taa hakuna. Nyaya zilianza kuingia Soweto kwa wingi miaka ya 1980 tu.

Na Lethabo? Kipo karibu na Vereeniging, kando ya mto Vaal, jirani na Sharpeville na Sebokeng. Tarehe 3 Septemba 1984 watu wa vitongoji hivyo walimwagika barabarani kupinga kupandishwa kwa kodi za nyumba na ada za huduma. Ndio uasi uliosambaa nchi nzima na haukuzimika tena mpaka makaburu wakakaa mezani. Mwaka uliofuata, 1985, kituo kiitwacho Furaha kikaanza kufua umeme.

Nilidhani hapa ningemaliza nikiwa nimeshayahukumu makaa. Haikuwa rahisi hivyo. Eskom ilikuwa imejenga vituo kupita kiasi, hata vingine vya zamani, Camden, Grootvlei na Komati, vikafungwa na kufunikwa ili kungoja. Mandela alipoingia madarakani mwaka 1994, ziada hiyo ikawa bahati. Kati ya 1994 na 1999 nyumba zipatazo milioni 2.5 ziliunganishwa umeme, na bei ilikuwa miongoni mwa zilizo chini kabisa duniani. Umeme huo ulitoka wapi? Kwenye yaleyale makaa, matanuri yaleyale. Nyumba nyingi ziliwekewa mita ya kulipia kabla ya kutumia. Ndugu zangu wa Tanzania mnaobonyeza tarakimu 20 za luku gizani, mfumo wa namba hizo ulizaliwa Afrika Kusini katika kampeni ile.

Halafu mwaka 1998 waraka wa sera wa serikali ukaonya kwamba ziada ingekwisha ifikapo 2007. Serikali ikaizuia Eskom isijenge, ikitumaini wawekezaji binafsi wangekuja. Hawakuja. Mgao ukaanza, na mwishoni mwa Januari 2008 migodi mikubwa ya dhahabu na platini ikasimama kwa siku kadhaa. Hebu fikiria: mteja ambaye mfumo mzima ulijengwa kwa ajili yake naye akaambiwa azime. Rais Mbeki alikiri kwamba Eskom ndiyo iliyokuwa sahihi.

Vituo vya zamani vikafufuliwa. Vipya viwili, Medupi na Kusile, vikaanza kujengwa kwa haraka, Eskom ikipewa mkopo wa dola bilioni 3.75 na Benki ya Dunia mwaka 2010, sehemu kubwa kwa ajili ya Medupi. Vikachelewa, vikapanda bei, vikaandamwa na kasoro za ujenzi na rushwa. Medupi kilitangazwa kukamilika mwaka 2021, na siku chache baadaye, Agosti hiyohiyo, jenereta moja ikalipuka. Mwaka 2023 mgao ukawa mbaya kuliko wakati wowote, kwa vituo vyenye majina ya mvua na mapambazuko! Mwandishi wa tamthilia angeambiwa amezidisha chumvi.

Komati kilizimwa Oktoba 2022, mfano wa kuachana na makaa. Waajiriwa wa kudumu wakahamishiwa vituo vingine, vibarua wa wakandarasi wakabaki bila kazi, na kijiji kilichoishi kwa mishahara yao kikapoa. Mwaka huohuo, mwezi Machi, mahakama ya Pretoria ilikuwa imeamua kwamba hewa chafu ya nyanda zile inavunja haki ya kikatiba ya wakazi. Mimi nayaamini yote mawili, uchungu wa Komati na hukumu ya Pretoria, na sijui kuyapanga yakae pamoja bila kugombana.

Baadaye Eskom ikaamua Camden, Grootvlei na Hendrina visizimwe, viendelee mpaka 2030. Vituo vikakarabatiwa, wenye pesa nao wakajaza sola kwenye mapaa yao, na kuanzia mwisho wa Machi 2024 mgao ukapotea kwa takriban miezi kumi. Takriban asilimia 80 ya umeme wa nchi ikaendelea kutoka kwenye makaa.

Lethabo bado kinawaka. Manispaa ya Emfuleni, yenye Sharpeville na Sebokeng ndani yake, inadaiwa na Eskom mabilioni ya randi.