Spika moja, amplifaya mbili

Kuendesha spika kwa amplifaya mbili ni mpangilio wa muziki wa nyumbani ambamo wufa, inayotoa besi, na twita, inayotoa sauti nyembamba, kila moja hupewa amplifaya yake. Jozi ya spika za njia mbili huhitaji basi chaneli nne badala ya mbili. Wanaoupenda zaidi ni mafundi wanaojiundia amplifaya wenyewe, kwa kuwa chaneli ya ziada kwao ni vipuri kidogo na jioni kadhaa za kulehemu.

Ndani ya kasha la spika ya kawaida mna krosova, yaani koili, kapasita na rezista zinazougawa muziki baada ya kutoka kwenye amplifaya. Koili ni waya mrefu uliosokotwa. Una ukinzani wake, hivyo hula nguvu na kupunguza uwezo wa amplifaya kuituliza wufa inapotikisika. Isitoshe, krosova sahili hupigiwa hesabu kana kwamba spika ina omu 8 wakati wote. Sivyo ilivyo: wufa hiyohiyo huweza kuwa na omu 6 kwenye masafa fulani na zaidi ya 30 pale inapovuma kwa asili yake.

Spika nyingi zina vishikio vinne vya waya kwa nyuma, vilivyounganishwa kwa vibati. Mtu huweza kung'oa vibati hivyo, akafunga amplifaya moja kwenye wufa na nyingine kwenye twita, krosova ikabaki mlemle ndani. Faida yake ni ndogo. Kila amplifaya bado inapokea muziki mzima na kupandisha volti zake zote, hata kama sehemu ya muziki huo haichoti mkondo. Anayenunua amplifaya ya pili kwa ajili hiyo tu, heri angetafuta moja iliyo bora.

Mpangilio unaostahili jina hili huiondoa krosova ya ndani na kuweka ya kielektroniki kabla ya amplifaya, muziki ukiwa bado ishara ndogo ya volti moja au mbili. Waya wa amplifaya kisha huenda moja kwa moja kwenye wufa au twita. Ndivyo ilivyoundwa LS5/8, spika ya studio za BBC: iliendeshwa na amplifaya ya Quad 405 iliyofanyiwa marekebisho, chaneli moja kwa besi na nyingine kwa sauti nyembamba.

Faida ya nguvu huonekana kwa hesabu. Chukua mlio wa besi wenye kilele cha volti 20, na juu yake mlio mwembamba wenye kilele kama hicho. Amplifaya moja italazimika kufika volti 40, ambazo kwa omu 8 ni wati 100. Ukiigawa kazi, kila amplifaya hufika volti 20, yaani wati 25. Wati 50 kwa jumla zimetosha palipohitajika 100. Muziki halisi hautoi faida kubwa hivyo kila mara, lakini besi ikizidi hadi kukwaruza, mkwaruzo huo hauifikii twita.

Krosova inayotumiwa sana hubeba majina ya Siegfried Linkwitz, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani, na Russ Riley, waliokuwa wote Hewlett-Packard, Marekani. Mwaka 1976 Linkwitz alichapisha maelezo ya kichujio kinachopunguza desibeli 24 kwa kila oktava. Uzuri wake uko pale masafa yanapopokezana: kila upande umeshuka desibeli 6, nusu ya volti, na kwa kuwa pande zote mbili zinakwenda kwa hatua moja, nusu mbili zinarudi kuwa kitu kizima. Hadi kifo chake mwaka 2018 aliendelea kubuni spika za kujiundia, LX521 ikiwemo.

Kwa amplifaya yenyewe, chipu ya LM3886 imewafaa wengi. Kwa umeme wa volti 28 chanya na 28 hasi hutoa takriban wati 38 kwenye omu 8. Wengine huipa twita amplifaya ndogo ya daraja A, kama zile ambazo Nelson Pass ametoa michoro yake kwa wajenzi. Aina zikitofautiana, ukuzaji wake lazima usawazishwe, la sivyo besi itaimeza sauti nyembamba au kinyume chake.

Twita ndiyo ya kuhurumiwa. Koili yake ni nyembamba, na bila kapasita mbele yake, mshindo wa kuwasha au umeme mnyoofu unaovuja huiunguza papo hapo. Kapasita ya mikrofaradi 40 hivi huikinga twita ya omu 8, kwani huanza kuzuia chini ya hezi 500, mbali na eneo la kazi yake. Kabla ya kufunga spika, fundi hupima kwa mita kila tundu la kutokea. Ikisoma zaidi ya milivolti 50, kuna kasoro. Halafu hujaribu kwa spika ya bei ndogo, sauti ikiwa chini, na nyaya zikiwa na alama, maana kosa la kubadilisha waya mbili tu hupeleka besi yote kwenye twita.