Njia Isiyo na Alama

Sisi watu wa Kerege, kama wenzetu wote wa pwani, tumezoea kuhesabu safari kwa pepo mbili. Kusi hupeleka majahazi kaskazini, kaskazi huyarudisha. Manahodha wa zamani waliongozwa na nyota, na elimu hiyo ilirithishwa, mzee kwa kijana.

Yuko msafiri mwingine apitaye katika bahari yetu, kati ya Julai na Novemba: nyangumi mwenye nundu. Hula katika maji baridi ya Antaktika, kisha huja kuzaa kwenye joto letu. Mwaka 2011 watafiti waliofuatilia nyangumi wa aina hii kwa setilaiti walieleza kwamba huweza kuogelea zaidi ya kilomita 200 bila kupinda hata digrii moja. Yamkini hutumia jua, nyota na sumaku ya dunia kwa pamoja. Wataalamu bado hawajakata shauri. Lakini safari ya kwanza ndama huifanya ubavuni mwa mama yake.

Hapo ndipo historia inaponiuma. Katika karne ya 20 wawindaji waliua zaidi ya nyangumi 200,000 wa aina hiyo kusini mwa dunia, na wengine waliendelea kwa siri hata baada ya marufuku ya mwaka 1963. Kila mama aliyeuawa alikufa na ramani yake. Wachache waliosalia ndio walioihifadhi njia, na leo wanaongezeka.

Nikiyafikiria majahazi yetu yanayopungua, najiuliza: nahodha ajuaye nyota, nani amekaa ubavuni mwake?