Familia Iliyokataa Kuhama

Mtoto yeyote wa mtumishi wa umma anaijua hadithi ya Meet Me in St. Louis kabla hajaitazama. Baba anarudi jioni na habari kwamba kazi imempeleka mji mwingine. Mama ananyamaza. Watoto wanaanza kuhesabu watakaowaacha. Sisi tulihama kutoka Musoma kwenda Bunda, safari ambayo hata basi la kusimama kila kituo halichukui nusu siku. Lakini nilikuwa na miaka tisa, na nilizoea kuliona ziwa kila nikikata kona.

Filamu hii ya Vincente Minnelli ilitolewa na studio ya MGM mwaka 1944. Inahusu familia ya akina Smith, mwaka 1903. Baba, mwanasheria, anatangaza kwamba wanahamia New York. Usiku wa Krismasi binti yake Esther, aliyeigizwa na Judy Garland, anamwimbia mdogo wake Tootie ili kumtuliza. Badala ya kutulia, Tootie anakimbilia nje na kuvunjavunja sanamu za theluji walizozitengeneza, kwa kuwa hawezi kuzibeba. Baba anamwona kutoka dirishani. Anabadili uamuzi: hawahami. Nilipofika hapo mara ya kwanza nilisonya. Kwetu, barua ya uhamisho haikuwahi kuzuiwa na kilio cha mtoto.

Wenzangu wa shahada ya uzamili huniuliza ninavyovumilia filamu ambazo watu wanaongea vizuri tu, halafu ghafla wanaanza kuimba. Mimi sioni ughafla wowote. Bibi yangu kule Butiama alisimulia ngano kwa Kizanaki, na hakuna ngano yake iliyofika mwisho bila wimbo. Msichana aliyeonewa na mama wa kambo hakumshtaki kwa baba yake. Aliimba akiwa kisimani, nasi tuliitikia, na hapo ndipo tulipojua uchungu wake. Esther naye hawezi kumwambia baba yake kwamba amekosea. Anaimba, tena kwa mdogo wake, dirishani. Bibi angeelewa bila kutafsiriwa hata neno.

Ndiyo maana historia ya sinema Tanganyika hunikera. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda kitengo cha filamu kwa ajili ya makoloni yake, chini ya William Sellers. Sellers aliamini kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka. Alitaka filamu ziende polepole, jambo moja kwa wakati mmoja, bila mbwembwe. Filamu za afya na kilimo zikatembezwa kwa magari ya sinema, na watazamaji wake walikuwa watu waliokua wakisikiliza ngano za wanyama wanaosema na mazimwi yanayojigeuza watu! Mwaka huohuo wa 1944, kijana mmoja wa Butiama alikuwa anasoma Makerere. Mwaka 1963 Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, akiwa Rais.

Mwisho wa filamu ndio ulionisumbua zaidi, nao ni mwisho wa furaha. Ni mwaka 1904. Akina Smith, waliobaki kwao, wamekwenda kwenye maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika St. Louis. Maelfu ya taa yanawaka, na kamera inatulia kwenye nyuso zao. Maonyesho hayo yalikuwapo kweli. Na kati ya vitu vilivyoonyeshwa walikuwamo watu.

Mmoja wao alikuwa Ota Benga, kijana wa Kongo, aliyeletwa na Mmarekani Samuel Verner. Wageni walimiminika kutazama meno yake yaliyochongwa, wakaambiwa ni meno ya mla watu. Mtu wa Mara hawezi kusoma habari hiyo na kuipita tu. Nyerere mwenyewe alichongwa meno ya mbele, kwa desturi ya Wazanaki. Mwaka 1955, kwa kinywa hichohicho, alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, kuidai Tanganyika.

Ota Benga aliijua New York kwa njia nyingine. Baada ya maonyesho alirudi Kongo pamoja na Verner, kisha akaja tena Marekani. Septemba 1906 aliwekwa kwenye nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, watu wakapanga foleni kumtazama, hadi wachungaji weusi wa mji ule walipopiga kelele akatolewa. Baadaye alifanya kazi katika kiwanda cha tumbaku huko Lynchburg, Virginia. Alitaka kurudi kwao. Vita Kuu vilipoanza, matumaini ya kupata meli yakafifia. Machi 1916 alijipiga risasi.

Kwenye maonyesho ya Minnelli, hayumo.