Mgeni wa Siyu

Wengi hudhani kuwa mtu anayesakwa hujificha porini au pangoni. Habari ya Fazul Abdullah Mohammed yafundisha kinyume: maficho yake makubwa yalikuwa ni watu.

Fazul alikuwa mzaliwa wa Moroni, Ngazija. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam, yakaua watu 224, wengi wao Waafrika wasio na ugomvi na mtu. Fazul alishtakiwa New York kuwa mmoja wa waliopanga uovu ule, na Marekani ikaahidi mamilioni ya dola kwa atakayesaidia kumpata.

Hata hivyo, mwaka 2002 alikuwa akiishi Siyu, kisiwani Pate, kwa jina la Abdul Karim. Alifundisha watoto madrasa, akaoa pale pale, akahesabiwa kuwa mtu wa mji. Wala haikuwa ajabu. Mwambao wetu umepokea wageni wa musimu karne nyingi, na kumsaili mgeni nasaba yake kabla ya kumpa maji ni utovu wa adabu. Fazul aliijua desturi hiyo kwa kuwa ilikuwa yake pia, akaivaa kama kanzu. Tarehe 28 Novemba mwaka huo hoteli moja ya Kikambala ililipuliwa, na makombora yakarushwa kuilenga ndege ya Israeli iliyokuwa ikiondoka Mombasa, yasiipate.

Mgeni alitoweka, deni likawaangukia wenyeji. Watu wa pwani walikamatwa na kuhojiwa, na wanne walioshtakiwa kwa mauaji ya Kikambala waliachiliwa na mahakama mwaka 2005. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini mwenye nguo hakosi kupigwa pamoja na mdudu.

Msako uliendelea. Januari 2007 ndege za Marekani zilishambulia kusini mwa Somalia, ikavuma kuwa Fazul amekufa, haikuwa kweli. Mwaka 2008 aliwaponyoka polisi Malindi. Hatimaye, Juni 2011, akiwa kiongozi wa al-Qaeda katika Afrika ya Mashariki, gari lake lilipotea njia usiku mjini Mogadishu, likafika kwenye kizuizi cha askari wa serikali ya Somalia. Risasi zikarushwa, naye akafa. Askari hawakumjua, alikuwa na pasipoti ya Afrika ya Kusini yenye jina jingine. Alikwisha zikwa ndipo maiti yake ilipofukuliwa ikapimwa.

Siku za mwizi ni arubaini. Za Fazul zilikuwa miaka 13. Lakini mauti si hukumu. Waliofiwa hawakumsikia akijibu mbele ya kadhi wala hakimu, na watu wa Siyu hawakupata kumwuliza kwa nini aliulipa wema wao kwa shubuha. Ukarimu wao haukuwa kosa. Kosa ni la aliyeufanya ngao.