Hospitali ni ya Nani?

Leo tutatazama jambo ambalo watu hulibishania sana barazani: je, kazi ya kutibu wagonjwa ni ya Serikali peke yake, au na mtu binafsi apewe nafasi? Wengi hudhani kwamba ubishi huu ulianza mwaka 1991. Sivyo. Una umri mkubwa kuliko sisi sote.

Mkifika Muhimbili, Dar es Salaam, mtaonyeshwa jengo la wodi liitwalo Sewahaji. Sewa Haji alikuwa mfanyabiashara tajiri wa Bagamoyo, Mhindi, aliyefariki mwaka 1897. Fedha zake ndizo zilizojenga hospitali ya Waafrika na Waasia mjini Dar es Salaam zamani za Wajerumani. Wazungu walikuwa na hospitali yao mbali, ufukoni, pale Ocean Road. Mwaka 1956 ikafunguliwa hospitali mpya ya Princess Margaret, nayo baada ya Uhuru ikaitwa Muhimbili. Basi hata hospitali kuu ya Taifa ina mzizi wake katika mfuko wa mtu binafsi. Na huko bara, mgonjwa wa Masasi au wa Ifakara, hospitali aliyoijua ilikuwa ya misheni.

Uhuru ulipokuja, tarehe 9 Desemba 1961, Mwalimu Nyerere alikuta madaktari wananchi wapatao 12 tu. Fikirini: 12 kwa nchi nzima! Mwaka 1964 Profesa Titmuss wa London na wenzake waliiandikia Serikali taarifa juu ya matibabu ya Tanganyika, wakashauri nguvu nyingi zielekezwe vijijini, katika vituo vya afya na katika kuzuia maradhi kabla hayajaingia. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likatia mkazo shauri hilo. Mwaka 1973, kwa njia ya redio kama hii, kampeni ya Mtu ni Afya ilifikia watu wazima wapatao milioni 2. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakatoka na majembe kuchimba vyoo. Kazi ile haikuhitaji daktari wa kulipwa ada.

Sasa tufike mwaka 1977. Mwaka huo ilitungwa sheria ya kusimamia hospitali za binafsi. Maana yake ilikuwa hivi: mtu au kampuni isifungue hospitali kwa ajili ya faida, mashirika yaliyokubaliwa na Serikali, hasa ya dini, ndiyo yaliyoruhusiwa kuendelea. Waliotunga sheria hiyo walikuwa na hoja nzito. Daktari amesomeshwa kwa kodi ya mkulima wa pamba na wa kahawa; je, ni haki akakae mjini kutibu wenye fedha tu? Hoja hiyo mimi siipuuzi hata leo.

Lakini angalieni vizuri, maana hapa ndipo wengi hukosea. Hata katika miaka ile ya katazo, Serikali haikutibu watu peke yake. Palipokuwa na wilaya isiyo na hospitali ya Serikali, lakini kuna hospitali nzuri ya misheni, Serikali iliingia mapatano na wenyewe. Kanisa likabaki na majengo na uongozi, Serikali ikatoa fedha za mishahara na za kuendeshea kazi, na hospitali ikawahudumia watu wote wa wilaya. Ndizo zilizoitwa Hospitali Teule za Wilaya. Kule Muheza watu walizoea hata wakaiita hospitali yao "Teule" tu. Mpango huo, kwa maoni yangu, ulikuwa na busara kuliko katazo lenyewe, kwa sababu haukuuliza nyumba ni ya nani. Uliuliza nani analipa na kwa masharti gani. Bugando ya Mwanza inatufundisha vivyo hivyo: Kanisa Katoliki liliijenga, ikafunguliwa mwaka 1971, Serikali ikaitwaa mwaka 1972, na mwaka 1985 ikairudisha.

Miaka ya 1980 ilikuwa migumu. Vita vya Uganda vilikuwa vimemaliza akiba, mafuta ya petroli yamepanda bei, fedha za kigeni hakuna. Zahanati ilikuwapo, mganga yupo, dawa hakuna. Ndiyo sababu, kwa msaada wa Denmark na UNICEF, yakaanza kupelekwa vijijini masanduku ya dawa muhimu yaliyofungwa tayari. Mjini, mwenye fedha alimfuata daktari nyumbani jioni, kimyakimya. Katazo lilikuwa limebaki katika karatasi.

Mwaka 1991 sheria ikarekebishwa, na madaktari wakaruhusiwa kuendesha hospitali zao. Rais alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi, ambaye mwenyewe alipata kuwa Waziri wa Afya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Miaka miwili baadaye, Julai 1993, Serikali ikaanza kuwatoza wagonjwa ada katika hospitali zake. Mambo haya mawili watu huyachanganya. Kufungua mlango wa daktari binafsi hakukumfukuza maskini katika hospitali ya Serikali. Ada ya mlangoni ndiyo iliyomsimamisha pale. Ilisemwa kwamba akina mama wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wasio na uwezo wasilipe. Mtoto na mjamzito huonekana kwa macho. Lakini maskini, nani atamthibitisha? Mjane amesimama dirishani na homa, hana barua ya mtendaji. Na zahanati mpya za binafsi zilifuata fedha, yaani mijini.

Tangu hapo Serikali imejaribu njia ya kulipa kabla ya kuugua. Igunga ilitangulia katikati ya miaka ya 1990 na Mfuko wa Afya ya Jamii. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukaanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa Serikali. Na mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Sasa, viongozi wa vikundi, somo hili lijadiliwe kwa maswali mawili. Zahanati au hospitali iliyo karibu nanyi ilijengwa na nani, na mishahara ya wauguzi wake inatoka wapi? Na mtu asiye na kitu akifika pale usiku, nani hasa humwandikia msamaha?